Robo Maili: Jinsi Gari la Kwendea Kazini Lilivyogeuzwa Mnyama, na Kwa Nini Watu wa Barabara ya Morogoro Tunahusika

Leo tunaacha kidogo habari za nani kaachana na nani, tunaingia gereji.

Kila mtaa una jamaa wake. Jina kapuni, ila unamjua. Mchana ni dereva wa kawaida kabisa: anampeleka mtoto shule, anampitisha bi mkubwa sokoni, anapaki mchuma chini ya mwembe. Ijumaa usiku anakuwa mtu mwingine. Gari ni lile lile, namba ile ile, bima ile ile, ila eksozi inaunguruma kama radi. Ukikaa Misugusugu, pale kabla hujafika Mlandizi, huna haja ya kujua jina lake. Unamsikia kabla hujamwona, na ukimwona ameshapita.

Sasa swali la leo: huyu jamaa katoka wapi? Namaanisha kihistoria. Hili wazo la kuchukua gari la kwendea kazini na kulifanya liende kama risasi, halafu Jumatatu liende kazini tena, nani alilianzisha?

Jibu lina matawi mawili. Moja liko Marekani, lingine liko hapa hapa Afrika Mashariki, na Dar es Salaam imo ndani. Kinachofurahisha ni kwamba matawi yote mawili yalibeba neno moja la Kiswahili. Tutafika huko.

Vijana wasumbufu wa California

Miaka ya 1930, vijana wa kusini mwa California walikuwa na tatizo ambalo kijana yeyote wa Kibaha analielewa: hamu ya mwendo ipo, pesa ya gari jipya haipo. Wakawa wananunua Ford kuukuu za bei ya kutupa, wanang'oa madigadi, wanang'oa boneti, wanatoa kila kitu kizito kisicho na kazi. Halafu wanakwenda kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, sehemu kama Muroc, ambako ardhi ni tambarare na hakuna mtu wa kumgonga. Gari la namna hiyo likaitwa hot rod.

Vita vya pili vya dunia vikaingia. Muroc ikachukuliwa na jeshi, na leo hii pale ni kambi kubwa ya ndege za kijeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, vijana wakarudi nyumbani wakiwa na vitu viwili ambavyo hawakuwa navyo mwanzo: ujuzi wa injini waliopata jeshini na pesa kidogo mfukoni. Uwanja wa karibu hawana. Unadhani walifanya nini?

Walishindana mitaani, kutoka taa hadi taa, usiku. Watu wakafa. Magazeti yakawaka, polisi wakawaka, wazazi wakawaka. Neno "hot rod" likawa tusi, karibu sawa na mhuni. Soma hiyo sentensi tena halafu ufikirie bodaboda na jamaa wa Ijumaa usiku. Dunia ni ile ile.

Hapo ndipo walipotokea watu wawili watatu wenye akili. Mwaka 1950, kwenye uwanja mdogo wa ndege wa Santa Ana, mashindano ya mstari ulionyooka yakaanza kufanyika kwa mpangilio, magari mawili mawili, mwendo ukipimwa kwa saa. Mwaka 1951, Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, akaanzisha chama cha NHRA. Lengo lake lilikuwa dogo na kubwa kwa wakati mmoja: kuwatoa vijana barabarani bila kuwanyang'anya magari.

Umbali uliozoeleka ukawa robo maili, yaani mita 402. Hakuna kona. Hakuna mlima. Wawili mnasimama sambamba, mnaondoka, wa kwanza kufika kashinda. Ukiwa na gari la kawaida unatumia sekunde 18 au zaidi. Ukiwa na mnyama unatumia chini ya 13. Maisha yote ya fundi yanaishia kwenye hizo sekunde tano za tofauti.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia

Mwaka 1954 NHRA walikuwa na shida. Vijana wa miji mingine walikuwa wanataka mashindano, lakini hawajui yanaendeshwaje: kamba zifungwe wapi, watazamaji wasimame wapi, gari likaguliwe nini kabla halijaruhusiwa. Basi chama kikatuma watu wanne na gari moja la Dodge linalovuta trela. Ndani ya trela kulikuwa na vipaza sauti, simu za uwanjani na mitambo ya kupima muda. Wakazunguka Marekani, mji baada ya mji. Wakifika wanakaa na vijana, polisi na viongozi wa mji, wanatafuta uwanja wa ndege usiotumika, wanaonyesha jinsi ya kufanya, wanaondoka.

Msafara huo ukaitwa Drag Safari, na baadaye Safety Safari. Safari, wadau! Neno letu. Hadi leo kikosi cha usalama cha NHRA, wale wanaokimbilia gari likipata ajali, wanabeba jina hilo hilo. Kwa hiyo mchezo wa Kimarekani kuliko michezo yote ulifundishwa usalama na kikosi chenye jina la Kiswahili.

Na neno hilo lilikuwa limeshaingia kwenye magari huku kwetu mwaka mmoja kabla. Mwaka 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika zilianza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Tutarudi huku nyumbani sasa hivi. Kwanza tummalize Mmarekani.

1964: kiwanda chenyewe kinakuwa mhuni

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960, viwanda vya Detroit vilikuwa vimeshaona kwamba gari linaloshinda Jumapili linauzwa Jumatatu. Lakini mwaka 1963 kampuni ya General Motors ikapiga marufuku matawi yake kujihusisha na mashindano. Tena ilikuwa na sheria ya ndani kwamba magari ya ukubwa wa kati yasiwekewe injini kubwa kupita kiwango fulani.

Wahandisi wa Pontiac wakatafuta upenyo. Wakachukua gari la ukubwa wa kati, wakaliwekea injini ya V8 ya lita 6.4 iliyotengenezwa kwa magari makubwa, na kwenye makaratasi wakaandika kwamba hii si modeli mpya, ni nyongeza tu ambayo mteja anaweza kuomba. Sheria haikukataza nyongeza. Ndiyo ikazaliwa Pontiac GTO ya mwaka 1964, yenye nguvu za farasi 325, au 348 ukichukua ile yenye kabureta tatu. Wakubwa walikubali zitengenezwe 5,000 tu za kujaribia. Mwaka wa kwanza zikauzwa zaidi ya 32,000.

Huo ndio mwanzo wa kile kinachoitwa muscle car: gari la familia, bei ya kijana mwenye kazi, injini ya lori.

Lakini GTO ikitoka dukani ilikuwa inamaliza robo maili kwa sekunde 14 na ushee hadi 15. Nzuri, ila si ya kutisha. Aliyetaka zaidi alikwenda kwa muuzaji mmoja aliyeitwa Royal Pontiac, mji wa Royal Oak, jirani kabisa na Woodward Avenue, ile barabara ya Detroit iliyokuwa maarufu kwa mashindano ya usiku. Mafundi wa Royal walikuwa na mpango wao uitwao Bobcat. Na huu ndio moyo wa hadithi yetu, kwa sababu hawakubadilisha injini. Walibadilisha vitu vidogo vidogo:

- Gasketi ya silinda hedi waliweka nyembamba zaidi, ili hewa na mafuta vibanwe zaidi kabla ya kulipuka. Ukibana zaidi, mlipuko unasukuma pistoni kwa nguvu zaidi.
- Taimingi ya moto waliisogeza mbele, plagi zikawa zinawasha mapema kidogo.
- Jeti za kabureta waliweka kubwa zaidi, mafuta yatosheleze.
- Waliziba njia ya joto la eksozi iliyokuwa inapita chini ya kabureta. Hewa baridi ni nzito, na hewa nzito ina oksijeni nyingi zaidi.
- Nati za vali walizifunga zisilegee, injini ikaweza kuzunguka kwa kasi zaidi bila vali kupoteza mpangilio.

Hakuna hata kimoja hapo cha ajabu. Fundi yeyote mzuri wa Mlandizi anaelewa kila mstari. Ila vyote kwa pamoja vilikata sehemu ya sekunde ambayo mtaani ni tofauti kati ya heshima na kuchekwa.

Na uongo ulikuwepo pia, msidhani umeanza na Instagram. Mwaka 1964 jarida kubwa la magari lilipewa GTO ya kujaribu, likaandika muda wa sekunde 13.1. Nchi nzima ikashangaa. Miaka mingi baadaye, mtu wa matangazo aliyehusika akakiri hadharani kwamba chini ya boneti ya gari lile ilikuwa imekaa injini kubwa kuliko ile iliyokuwa inauzwa. Kwa hiyo jamaa akikuposti video ya muda wake, kwanza muulize: boneti ulifungua?

Huku kwetu: Pijo ya Dar

Sasa turudi nyumbani.

Wakati Mmarekani anahesabu sekunde 13, Safari ilikuwa inahesabu siku. Pasaka baada ya Pasaka, karibu kilomita 5,000 za vumbi, matope, wanyama na mito iliyofurika, kupitia nchi zetu tatu. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui: miaka ya mwanzo magari yaligawanywa madaraja kwa bei ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Wazo lilikuwa kwamba mwananchi aone gari lile lile analoweza kununua yeye linavumilia nini. Kwa maneno mengine, Safari ilizaliwa kama mashindano ya magari ya mtaani.

Ugumu wake? Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yakaanza zaidi ya 90, yakamaliza saba tena. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, na mara zote mbili gari lilikuwa Peugeot 404.

Katikati ya ushindi huo miwili kuna jina ambalo Dar es Salaam ilipaswa kulijua kama inavyojua majina ya Simba na Yanga: Bert Shankland. Mzaliwa wa Uskoti, makazi yake Dar es Salaam, akifanya kazi kwenye kampuni ya mjini humo iliyokuwa inauza Peugeot. Akiwa na Chris Rothwell pembeni akimsomea njia, alishinda Safari mwaka 1966. Watu wakasema bahati. Mwaka 1967 akashinda tena. Gari ni 404, ile ile Pijo ambayo wazee wetu waliipanda kama teksi.

Hebu linganisha. GTO: lita 6.4, farasi zaidi ya 300. Pijo 404: silinda nne, lita 1.6, injini imelazwa upande kwa nyuzi 45, nguvu ambazo hata kwenye toleo la sindano hazikufika farasi 100. Kwenye robo maili Pijo ingechekwa. Kwenye matope ya Aprili, yenye nguvu za kupita kiasi zilibaki zinazungusha matairi, Pijo inapita pembeni polepole kama mzee anayejua njia.

Na kabla ya Shankland, mwaka 1965, alishinda Joginder Singh wa Kenya na mdogo wake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Gari lenyewe lilikuwa limeshapigishwa Safari ya mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda, yeye akalichukua mkweche, akalifumua, akaliunga upya. Aliweza kwa sababu alianzia chini kabisa: alikuwa spana boi kwenye gereji ya baba yake. Aliendelea kushinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Huyo spana boi alipata bahati ya jina lake kubaki. Wengine hawakupata. Nyuma ya kila 404 iliyomaliza kuna watu waliolala chini ya gari saa nane usiku, tochi mdomoni, wakibadilisha shokapu kwa dakika chache huku dereva anakunywa chai. Mafundi wa Kiafrika, wa Kihindi, vijana wa kushika spana, wa kumwaga mafuta, wa kuchomelea bamba la chuma chini ya injini. Picha zipo, kombe lipo, majina yao hayapo. Tunaandika majina ya walioshika usukani. Wa kushika spana tunawaita "fundi", basi.

Shule mbili, somo moja

Ukiziweka hizi historia mbili pamoja unaona kitu kitamu. Mmarekani wa robo maili anapunguza: anatoa tairi la spea, anatoa viti vya nyuma, anatoa redio. Mtu wa Safari anaongeza: bamba la chuma, tangi la pili, tairi za spea mbili, taa kubwa za mbele, springi ngumu zaidi. Mmoja anaogopa kilo, mwingine anaogopa jiwe.

Hata hewa iliwatesa tofauti. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Kabureta uliyoipanga Dar ikapendeza, ukifika nyanda za juu inamwaga mafuta mengi kuliko hewa, gari linakohoa moshi mweusi. Fundi wa Safari alitakiwa kupanga injini moja kwa nchi mbili za hewa. Sisi wa Kibaha tuko karibu na bahari, kwa hiyo gari lisilo na turbo linapumua vizuri huku kuliko Nairobi. Mkibishana na Wakenya mtandaoni, hiyo silaha nimewapa bure.

Lakini somo la shule zote mbili ni moja: nguvu ya injini ni kitu cha mwisho. Jamaa wa Ijumaa usiku anaanza na turbo na eksozi ya kelele. Waliofanikiwa walianzia kwingine.

Chukua Grand Mark II ya kawaida, GX110, lita 2.0, karibu farasi 160. Gari la heshima, limejaa mjini. Mtu wa robo maili angeliangalia kwa mpangilio huu.

Kwanza tairi. Mita 18 za mwanzo ndizo zinazoamua. Wenye uzoefu wanasema ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale mwanzoni, mwisho wa mstari inaweza kukurudia karibu mara mbili. Tairi likizunguka linapiga moshi, kamera inapenda, saa haipendi.

Pili uzito. Kanuni ya gereji za Marekani ni kwamba kila kilo 45 unazotoa zinakata karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ile spika ya buti kubwa kama jokofu, toa. Washkaji watatu wa siti ya nyuma, washushe. Umeshapata zaidi ya sehemu mbili za kumi bila kununua hata plagi.

Tatu difu. Ukibadilisha uwiano wa gia za difu, gari linaondoka kwa hasira zaidi. Lakini hapa ndipo "la mtaani" linapokudai: ukienda Morogoro injini itapiga kelele njia nzima na mafuta yatakwisha kabla ya hadithi. Kila kitu unachompa mnyama, unakitoa kwa baba wa familia.

Nne, afya ya injini: plagi, taimingi, chujio safi, hewa baridi. Ni Bobcat ile ile ya mwaka 1964.

Halafu, kabla ya turbo, breki. Na hapa naomba tuache utani.

Hesabu ambayo eksozi haikuambii

Ukienda kilomita 160 kwa saa, kila sekunde unakula mita 44. Ubongo wa binadamu unahitaji karibu sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa hiyo kabla hujagusa breki, umeshapita mita 44. Breki nzuri, lami kavu, tairi nzuri: unahitaji kama mita 120 nyingine. Jumla zaidi ya mita 160, zaidi ya kiwanja kizima cha mpira na nusu.

Kwa kilomita 50, ambayo ndiyo sheria kwenye makazi ya watu, jumla hiyo ni kama mita 26. Nguvu ya kugonga nayo haiongezeki kidogo kidogo: kwa 160 ni mara kumi ya ile ya 50. Mara kumi!

Sasa weka hiyo hesabu Barabara ya Morogoro. Kimara hadi Kibaha njia zimepanuliwa, kilomita 19.2, na zinashawishi. Ukishapita Maili Moja unaelekea Tumbi, Visiga, Misugusugu, kuna malori ya Zambia na Kongo, kuna mama anavuka na ndoo, kuna bodaboda haina taa ya nyuma, kuna mwanafunzi wa zamu ya asubuhi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekubali kushindana na wewe. Hapo ndipo ninapokosana na jamaa wa Ijumaa. Kupenda mwendo si dhambi. Kumwingiza mtu kwenye mashindano bila kumuuliza, ni dhambi.

Usiseme wale wa zamani walikuwa wakali na walikimbia barabara wazi. Ni kweli, Safari ilikimbiwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa, enzi ambazo ungeweza kwenda saa nzima bila kupishana na gari. Enzi hizo zimekwisha, na Safari yenyewe imekubali. Iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi mwaka 2021, na iliporudi ilirudi kwenye vipande vilivyofungwa, polisi na walinzi kila kona.

Robo maili nayo ilijifunza hivyo hivyo. Kwa sheria zilizozoeleka za NHRA, gari la zamani likimaliza chini ya sekunde 14, dereva lazima avae helmeti. Likishuka chini ya 11.50, lazima liwe na mabomba ya chuma ya kumlinda likipinduka. Baada ya mstari wa mwisho kuna mamia ya mita za kupunguzia mwendo. Na mwaka 2008, dereva maarufu Scott Kalitta alipofariki mashindanoni, madaraja ya kasi kubwa kabisa yalifupishiwa mbio kutoka mita 402 hadi kama 305. Watu wanaolipwa kwa kasi waliamua kukata mbio zao wenyewe. Hawakuonekana waoga.

Kwa hiyo tunataka nini?

Tunataka kile walichokitaka vijana wa Santa Ana mwaka 1950: mahali. Bahrain walipofungua uwanja wao wa mashindano mwaka 2004 waliweka na njia ya robo maili. Sisi hatuhitaji uwanja wa mabilioni. Safety Safari ilionyesha kinachohitajika: lami iliyonyooka iliyofungwa rasmi kwa siku moja, kamba za kuwaweka watazamaji mbali, gari la wagonjwa, ukaguzi wa breki na tairi, na saa. Nchi ina Chama cha Magari Tanzania, AAT, chenye uzoefu wa kusimamia raliki zetu. Ina wakuu wa usalama barabarani wanaochoka kukimbizana na watu usiku. Ina vijana. Kinachokosekana ni kundi la madereva wanaokwenda ofisini wakiwa wamevaa mashati, na barua, badala ya kusubiri tochi ya trafiki iwapige.

Na kuna mfumo wa mashindano utakaowafaa kabisa wabongo. Kila dereva anatangaza muda wake kabla. Mwenye Vitz anasema 18, mwenye Mark II ya turbo anasema 14. Vitz inaruhusiwa kuondoka sekunde nne mapema. Wa kwanza kufika anashinda, ila ukikimbia haraka kuliko muda uliotangaza, umepoteza, kwa hiyo kudanganya hakulipi. Mfumo huu uliutawala mchezo wa mitaani wa Marekani kuanzia miaka ya 1970, kwa sababu unampa mwenye mkweche nafasi ya kumtoa jasho mwenye pesa. Anayeshinda ni yule anayelijua gari lake, na fundi wake.

Fundi wake. Tukipata hiyo siku moja ya lami iliyofungwa, naomba kitu kidogo tu: kwenye ubao wa matokeo, chini ya jina la dereva, liandikwe na jina la aliyeshika spana. Kwa miaka 60 na zaidi tumewaita "fundi" tu. Na wewe wa Ijumaa usiku, jina lako litatoka kapuni siku hiyo, mchana kweupe, helmeti kichwani, mama yako akiwa jukwaani badala ya kusubiri simu.

Mpaka hapo, ukiona kiu ya kilomita 160 kwa saa imekushika, SGR inapita Soga kila siku. Kata tiketi, kaa dirishani.